Soma mhimili kwanza: kulinganisha makosa ya BPSK, QPSK, FSK na QAM kwa uigaji

Grafu mbili zinaweza kusema maneno yanayopingana na zote mbili zikawa sahihi. Moja inaonyesha kwamba QPSK inahitaji nguvu maradufu ya BPSK ili makosa yao yalingane; zote mbili ni modulesheni, yaani njia za kupandisha biti kwenye wimbi la redio. Nyingine inaonyesha mistari ya BPSK na QPSK imelaliana, hakuna aliyemtangulia mwenzake hata kwa sehemu ya desibeli, kipimo cha uwiano wa nguvu. Fomula ni zilezile na kelele ni ileile. Tofauti iko kwenye maneno madogo yaliyoandikwa chini ya mhimili wa ulalo: ya kwanza imepima nishati ya alama (kipande cha wimbi kinachobeba biti moja au zaidi) dhidi ya kelele, ya pili imepima nishati ya biti.

Sehemu kubwa ya ubishi kuhusu modulesheni ipi ni bora huzaliwa hapo. Uigaji wa kompyuta ni njia nzuri sana ya kuumaliza, kwa sababu unakuruhusu kuchukua biti nyingi upendavyo, kuzipitisha kwenye kelele unayoijua na kuhesabu ngapi zimeharibika. Lakini uigaji unatii tu. Ukiupa kipimo kisicho sawa utakuchorea mstari laini, wenye umbo zuri kabisa, uliokaa mahali pasipo pake, na hakuna onyo lolote litakalotokea kwenye skrini. Kwa hiyo tuanze na vinavyoingia kwenye hesabu, matokeo yatafuata.

Biti juu ya wimbi

Modulesheni ya kidijitali ni kuzipandisha sifuri na moja kwenye wimbi la redio. Wimbi lina mambo matatu yanayoweza kubadilishwa: kimo chake, masafa yake, na awamu yake, yaani mahali lilipo katika mzunguko wake. Ukiliwasha kwa 1 na kulizima kwa 0, hiyo ni OOK. Ukiruka kati ya masafa mawili, hiyo ni FSK. Jamaa yake wa karibu, GMSK, ndiyo iliyobeba simu za GSM. Ukigeuza awamu kwa nyuzi 180 umepata BPSK, ambayo hutumika kwenye ishara za GPS. Ukitumia awamu nne, kila alama inabeba biti mbili, nayo ni QPSK. Ukibadilisha kimo na awamu kwa pamoja unaingia kwenye familia ya QAM, ambamo 16-QAM hubeba biti nne kwa alama na 64-QAM hubeba sita. Wi-Fi ya kiwango cha 802.11a, cha mwaka 1999, ilikuwa na ngazi kuanzia BPSK hadi 64-QAM, na 802.11ax imefika 1024-QAM, biti kumi kwa kila alama.

Anayeiga hahitaji kuchora wimbi lenyewe. Kila alama inaweza kuwekwa kama nukta kwenye bapa lenye mihimili miwili, na mchoro wa nukta zote huitwa kundinyota. BPSK ina nukta mbili, kulia na kushoto. QPSK ina nne kwenye pembe za mraba. 16-QAM ina mistari minne ya nukta nne nne. Kelele inaisukuma nukta kutoka mahali pake, kisha kipokezi kinauliza swali moja tu: hii iliyofika iko karibu na nukta ipi ya asili? Kosa hutokea pale msukumo unapoivusha nukta kupita katikati ya njia kuelekea jirani yake. Karibu kila kitu kinachofuata katika makala haya ni ulinganisho wa namba mbili: nusu ya umbali kati ya majirani, na ukubwa wa kawaida wa msukumo.

Msukumo huo chanzo chake ni elektroni zinazotikisika kwa joto ndani ya saketi. John Johnson aliipima kelele hiyo na Harry Nyquist akaieleza kihesabu, na kazi zao zikachapishwa mwaka 1928. Huwezi kuizima. Inafuata mgawanyo wa Gauss: misukumo midogo ni mingi, mikubwa ni michache, na mikubwa mno ni adimu lakini ipo. Hiyo mikubwa mno ndiyo inayozaa makosa, jambo ambalo litatusumbua baadaye tutakapouliza tutume biti ngapi.

Biti moja kwa karibu

Tuseme nishati ya biti ni 1, na tunataka uwiano wa nishati hiyo kwa msongamano wa kelele, unaoandikwa Eb/N0, uwe desibeli 6. Desibeli 6 ni uwiano wa 3.98, kwa hiyo N0 ni 1 gawanya kwa 3.98, sawa na 0.251. Kelele inagawanyika nusu kwa nusu kwenye mihimili miwili ya kundinyota. Kila mhimili unapata sigma mraba ya 0.1256, na sigma yenyewe, yaani kipimo cha mtawanyiko, ni 0.354.

Sasa tuma biti 1 kwa BPSK, yaani nukta +1. Programu inachomoa namba nasibu, tuseme −0.41. Kipokezi kinaona 0.59, bado upande wa chanya, biti imefika salama. Tuma nyingine: kelele inakuja +0.22, kipokezi kinaona 1.22, salama tena. Ili biti ianguke, kelele lazima ishuke chini ya −1, na 1 ni mara 2.82 ya sigma. Uwezekano wa msukumo wa Gauss kuvuka hapo ni 0.00239. Ukituma biti milioni moja, tegemea makosa kama 2,390.

Fanya vilevile kwa QPSK, ila safari hii nishati ya alama nzima ndiyo iwe 1, kama programu nyingi zinavyopanga. Kila nukta iko kwenye 0.707 au −0.707 katika kila mhimili. Alama inabeba biti mbili, kwa hiyo nishati ya biti ni 0.5. N0 inakuwa 0.5 gawanya kwa 3.98, sigma mraba ni 0.0628, na sigma ni 0.251. Gawanya 0.707 kwa 0.251 na utapata 2.82. Namba ileile. QPSK ni BPSK mbili zilizosimama kwa pembe mraba, kila moja na mhimili wake na kelele yake, hazigusani. Ndiyo maana mistari yao inalaliana.

Na sasa tazama kosa dogo lililo la kawaida kuliko yote: mtu anasahau kugawa kwa mbili na anaiacha sigma ya 0.354 iliyotoka kwenye BPSK. Gawanya 0.707 kwa 0.354, unapata 2.0, na uwezekano wa kosa unapanda hadi 0.0228, karibu mara kumi. Grafu itasema QPSK ni dhaifu kwa desibeli 3. Kama mhimili umeandikwa nishati ya alama, hilo ni kweli. Kama umeandikwa Eb/N0, ni kosa tupu, na mstari utakuwa laini uleule katika hali zote mbili.

Kwa nini basi tushikilie nishati ya biti? Kwa sababu kinachosafirishwa ni biti. Kulinganisha alama ya BPSK na alama ya 64-QAM ni sawa na kulinganisha wapagazi wawili kwa jasho lao bila kuuliza mmoja kabeba magunia mangapi. Eb/N0 inauliza kila gunia limegharimu nguvu kiasi gani. Tena mhimili huo unakuwezesha kuona umbali uliopo hadi kwenye ukomo ambao Claude Shannon aliuweka mwaka 1948: hakuna mfumo wowote, hata ukiwa na masafa yasiyo na mwisho na misimbo bora kabisa ya kusahihisha makosa, utakaofikisha biti bila makosa chini ya desibeli −1.59.

Nani yuko wapi

Weka Eb/N0 ya desibeli 10 kwa wote na uendeshe uigaji kwa muda wa kutosha. BPSK na QPSK zitapoteza takribani biti 4 katika milioni. DPSK, ambayo ni binamu wa BPSK asiyehitaji kipokezi kijue awamu halisi kwa sababu biti imefichwa kwenye tofauti kati ya alama moja na inayofuata, itapoteza kama 23. FSK ya masafa mawili, kipokezi kikiwa kinaijua awamu, itapoteza kama 780, sawa na OOK. Kipokezi cha FSK kisichojua awamu, kinachopima tu masafa yapi yana nguvu zaidi, kitapoteza kama 3,370. Ya 8-PSK, yenye awamu nane, ni kama 1,000, ya 16-QAM kama 1,750, na 64-QAM inazidi 26,000.

Ukiziangalia namba hizo hivihivi utadhani FSK ni mbaya kuliko BPSK mara 200. Kwa namna fulani ndivyo ilivyo, lakini usomaji huo wa kwenda juu na chini unapotosha. Mistari hii inaporomoka kwa kasi kubwa, na kwenye mporomoko mkali hatua ndogo ya kulia inaleta tofauti kubwa ya wima. Soma kwa ulalo. Uliza: kila moja inahitaji desibeli ngapi ili nipate kosa 1 katika biti 100,000? BPSK na QPSK zinahitaji 9.6, DPSK 10.3. FSK inayojua awamu inahitaji 12.6, isiyojua awamu 13.4. Ya 8-PSK ni 13.0, ya 16-QAM ni 13.4, ya 16-PSK, yenye awamu kumi na sita, ni 17.4 na ya 64-QAM ni 17.8. Tofauti ya BPSK na FSK, iliyoonekana kuwa mara 200, ni desibeli 3, yaani nguvu maradufu. Chanzo chake kinaonekana kwenye kundinyota: nukta mbili za BPSK zimetazamana kwa umbali wa 2, ilhali za FSK ziko kwenye mihimili miwili tofauti, umbali wake ni mzizi wa 2 tu.

Kuna mambo mawili humo ninayoyapenda hasa. La kwanza ni DPSK. Inakulipisha desibeli 0.7 tu, na kwa bei hiyo unaondolewa kazi nzima ya kufuatilia awamu ya wimbi kwenye kipokezi. Kwa kifaa kidogo chenye betri hiyo ni biashara nzuri.

La pili ni pengo la desibeli 4 kati ya 16-PSK na 16-QAM. Zote zina nukta 16, biti nne kwa alama, upana uleule wa masafa. Ila 16-PSK imezipanga nukta zote kwenye duara moja na kuuacha uwanja wa katikati mtupu, kwa hiyo majirani wamebanana. QAM imeutumia uwanja wote. Unaweza kujiuliza nani basi atake kupanga nukta kwenye duara. Jibu halimo kwenye grafu ya makosa: nukta za duara zina kimo kimoja, na kikuza ishara kinaweza kusukumwa hadi karibu na mwisho wa uwezo wake bila kuzipotosha. Kwenye setilaiti, ambako kila wati ni ghali, hilo lina uzito, na kiwango cha televisheni ya setilaiti cha DVB-S2 kilichagua njia ya kati kwa kupanga nukta 16 kwenye miduara miwili.

Kitu ambacho grafu haikionyeshi

Kwa kosa 1 katika 100,000, 16-QAM inataka desibeli 3.8 zaidi ya BPSK. Kwa malipo hayo inapitisha biti mara nne kwenye upana uleule wa masafa. 64-QAM inalipa 8.2 na kupitisha mara sita. Grafu ya makosa inaonyesha malipo tu, haionyeshi ulichonunua, kwa hiyo kila ngazi mpya ya QAM inaonekana kama hasara tupu.

FSK inakwenda kinyumenyume. Ukiongeza idadi ya masafa kutoka mawili hadi manne, nane, kumi na sita, kila alama inabeba biti zaidi na nishati inayohitajika kwa kila biti inapungua. Ukiongeza bila kikomo, mstari unaukaribia ukomo wa −1.59 wenyewe. Gharama yake ni upana wa masafa, unaokua haraka kuliko biti zinavyoongezeka. Kwa hiyo ukiulizwa ipi ni bora, swali la kurudisha ni hili: kilicho haba ni nguvu au ni masafa? Asiyeweza kukujibu hilo hajawa tayari kwa grafu.

Biti ngapi zinatosha

Njia ya kutafuta jibu kwa kurusha namba nasibu mara nyingi inaitwa Monte Carlo. Ilikuzwa miaka ya 1940 na Stanislaw Ulam na John von Neumann katika maabara ya Los Alamos, kwa matatizo ya nyutroni, na ikahamia karibu kila tawi la sayansi. Kanuni yake ya usahihi ni rahisi: ukihesabu makosa n, mashaka ya jibu lako ni takribani moja gawanya kwa mzizi wa n. Makosa 100 yanakupa mashaka ya asilimia 10. Makosa 10 yanakupa zaidi ya asilimia 30. Zingatia kwamba kinachohesabika ni makosa. Idadi ya biti ulizotuma haikuambii kitu peke yake.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anaweka biti milioni moja kwa kila nukta ya grafu na kuona ametenda haki kwa wote. Kwenye desibeli 6 atapata makosa kama 2,390 kwa BPSK, na marudio mawili yatatofautiana kwa makumi machache tu. Kwenye desibeli 10 atapata 4. Au 2. Au 7. Nukta ya mwisho ya mstari wake inaruka juu na chini kila anapobonyeza kitufe, na akichora mara moja tu anaweza kudhani ameona tabia mpya ya modulesheni. Ili apate makosa 100 hapo anahitaji biti kama milioni 26. Kwenye desibeli 12, uwezekano wa kosa ni 0.000000009, na makosa 100 yanadai zaidi ya biti bilioni 11.

Dawa ni kuiacha programu iendelee hadi ihesabu makosa 100 au 200 kwa kila nukta, badala ya kuipangia idadi ya biti, na kuweka kikomo ili isikeshe bure. Ikifika kikomo bila kosa hata moja, usiandike sifuri. Sifuri haichoreki kwenye skeli ya logi na wala si kweli. Ukituma biti N bila kosa, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba kiwango cha makosa hakizidi 3 gawanya kwa N. Biti milioni moja safi zinathibitisha kiwango kisichozidi 0.000003, basi.

Mstari uliokaa vibaya husema kilichoharibika

Kila uigaji uanze kwa BPSK kwenye kelele tupu, ambako fomula inajulikana, na usisogee hadi nukta zako zikae juu ya mstari wa fomula. Zisipokaa, namna zinavyokosea inaelekeza kwenye kosa lenyewe, na huu ni ufundi unaostahili kujifunzwa kwa makini.

Mstari ukiwa umehama desibeli 3 kamili kwenda kulia au kushoto, kuna kigawo cha mbili kilichopotea mahali: ama N0 haikugawanywa nusu kwa nusu kwenye mihimili, ama nishati ya biti imechanganywa na ya alama. Ukiona 16-QAM imeishinda BPSK, usisherehekee. Nukta za 16-QAM hupangwa kwa urahisi kwenye −3, −1, 1 na 3, na wastani wa nishati ya mpangilio huo ni 10. Asiyegawa kwa mzizi wa 10 amejipa desibeli 10 za bure. Anayechora wimbi kwa sampuli nane kwa kila alama, kisha akazijumlisha kwenye kipokezi bila kuikuza kelele ya kila sampuli inavyotakiwa, amejipa 9.

Kosa gumu zaidi kuliona ni la kupachika biti kwenye nukta. Majirani wanatakiwa watofautiane kwa biti moja tu, mpangilio unaobeba jina la Frank Gray wa Bell Labs, ili nukta ikiangukia kwa jirani ipotee biti moja. Ukizungusha QPSK kwa mfuatano wa kawaida wa 00, 01, 10, 11, utaona kwamba 01 na 10 ni majirani wanaotofautiana kwa biti mbili, na 11 na 00 vilevile. Makosa ya biti yanaongezeka kwa nusu. Lakini nusu hiyo, kwenye skeli ya logi na mporomoko mkali, ni kama desibeli 0.2 pembeni, jicho linaipita. Njia ya kuikamata ni kugawa namba kwa namba: matokeo yako gawanya kwa ya fomula. Ukipata 1.5 kila mahali upande wa chini wa mstari, umemkamata.

Pale fomula zinapoishia

Mpaka hapa uigaji umerudia tu yale ambayo fomula zinayajua. Faida yake inaanza unapoongeza jambo moja ambalo fomula ya kawaida haikulitazamia, huku kila kingine kikibaki kama kilivyokuwa.

Mpe kipokezi kosa la awamu la nyuzi 10, kundinyota lote ligeuke kidogo. BPSK inapoteza desibeli 0.13, si kitu. QPSK inauma zaidi: upande mmoja wa kila nukta unasogea karibu na mpaka kwa desibeli 1.8. Kwenye 16-QAM, nukta ya pembeni kabisa, iliyokuwa (3, 3), sasa ina kimo cha 2.43 kwenye mhimili mmoja, na mpaka uko kwenye 2. Akiba iliyokuwa 1 imebaki 0.43. Njoo kwenye 64-QAM. Nukta ya (7, 7) inahamia 5.68, na mpaka wake uko kwenye 6. Imeshavuka. Hakuna kelele hata chembe na tayari ni kosa. Ukiongeza nguvu, mstari wa 64-QAM utashuka kidogo kisha utalala, sakafu ya makosa ambayo hakuna idadi ya desibeli itakayoitoboa. Ngazi za juu za QAM zinadai kipokezi kilicho makini zaidi, na bei hiyo haionekani kwenye mistari ya vitabu iliyochorwa kwa awamu kamilifu.

Kufifia kwa mawimbi kunabadilisha picha zaidi. Ishara inayofika kwa njia nyingi, kwa kugonga kuta na milima, wakati mwingine inajijazia na wakati mwingine inajifuta yenyewe. Kwenye mfifio wa aina ya Rayleigh, BPSK yenye wastani wa desibeli 10 haipotezi tena biti 4 katika milioni; inapoteza zaidi ya 23,000. FSK isiyojua awamu inapoteza kama 83,000. Pengo lililokuwa mara 870 limekuwa mara tatu na nusu hivi. Mistari haiporomoki tena, inateremka polepole kama mlima uliochakaa, na kosa 1 katika biti 100,000 sasa linadai desibeli 44 hata kwa BPSK.

Hapo ubishi wa modulesheni ipi ni bora unapoteza uzito wake mwingi. Ukiweka antena ya pili kwenye kipokezi na kuziunganisha ishara mbili inavyostahili, mahitaji yale ya 44 yanashuka hadi 21 hivi kwa kila antena, kwa sababu ni nadra zote mbili kufifia kwa wakati mmoja. Hakuna kubadilisha modulesheni kutakakokuletea faida ya kiasi hicho.

Na kanuni ya makosa 100 nayo inalegea hapa, kwa sababu makosa ya mfifio huja kwa makundi. Chukua njia ya mawimbi ambayo hali yake ya kufifia inabadilika kila baada ya alama 1,000, wastani wa desibeli 30, biti milioni moja za BPSK. Utategemea makosa kama 250, idadi inayoonekana kutosha. Lakini njia imebadilika mara 1,000 tu, na karibu makosa yote hayo yanatoka kwenye hali zilizozama chini kabisa, ambazo kwa wastani ni nne hivi kati ya hizo 1,000. Safari nyingine zitakuwa mbili, nyingine saba, na jibu lako litayumba kwa kiasi hichohicho. Ama uchote hali mpya ya njia kwa kila alama, ama uendeshe uigaji hadi zile hali mbaya zenyewe zifike mia.